Kuirudia hadithi yako mwenyewe: mwongozo wa mwanafunzi kwa wanafunzi wenzake

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi ambaye amemaliza kuandika hadithi fupi, ameisoma mara moja akaipenda, na sasa hajui aifanyie nini. Mimi nasoma kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), hapa Tabora. Nyumbani kwetu ni Kigoma. Yote nitakayoyaeleza nimeyapata kwa kuipitia hadithi moja tu, kuanzia rasimu ya kwanza hadi ya nne, na mengi kati ya hayo niliyapata kwa kukosea kwanza. Hadithi yenyewe inamhusu msichana aitwaye Zawadi, binti wa mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, nami nitaitumia kama mfano mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ushauri wa kurekebisha maandishi haueleweki vizuri mpaka maandishi yenyewe yawe mezani.

Kabla ya hatua zenyewe, nieleze mpangilio wake. Shuleni tumezoea neno kusahihisha, na kwetu maana yake ni kalamu nyekundu ya mwalimu: nukta, herufi kubwa, upatanisho wa kisarufi. Katika kazi hii mambo hayo huja mwishoni kabisa. Anayeanza na nukta hutumia jioni nzima kuipamba sentensi ambayo kesho yake atagundua kuwa ilipaswa kufutwa pamoja na ukurasa wote, na akishaipamba hana tena moyo wa kuifuta. Kwa hiyo tunaanza na mambo yanayosimuliwa, tunafuata na msuko, kisha mazungumzo, kisha lugha, na tahajia inabaki kuwa kama kufagia chumba baada ya fundi kuondoka.

Vifaa ni vichache. Unahitaji rasimu iliyoandikwa upande mmoja wa karatasi, mstari mmoja ukirukwa ili pawepo nafasi ya kuandika, penseli, na daftari jipya. Anayeandika kwenye simu atengeneze nakala kabla ya kugusa chochote, na kila nakala aipe tarehe, kwa sababu kuna siku utataka kurudisha kitu ulichokifuta.

Hatua ya kwanza: iache ilale

Nilimaliza rasimu ya kwanza siku mbili kabla ya kufunga shule. Niliiweka chini kabisa ya tranka, chini ya mashuka, nikapanda treni kwenda nyumbani, na sikuitoa mpaka siku ya kumi na mbili. Haikuwa hekima yangu, kwani nilikuwa nimechoka tu, lakini nilipoitoa niliona kitu ambacho nisingekiona usiku ule wa kuimaliza. Mwandishi anapomaliza kuandika, macho yake hayasomi kilichopo kwenye karatasi, husoma kile alichokusudia kuandika. Neno lililorukwa analiona kana kwamba lipo, na chumba ambacho hakukieleza anakiona na viti vyake vyote. Siku hizo za kuiacha huondoa picha hiyo kichwani, na kinachobaki ni karatasi.

Kwa hadithi ya kurasa saba au nane, juma moja hadi mawili yanatosha. Ikiwa kuna tarehe ya mwisho ya mashindano, hata siku mbili ni bora kuliko kutosubiri kabisa. Katika muda huo usimsimulie mtu yeyote hadithi hiyo, maana ukiisimulia utaanza kuirekebisha kwa mdomo, na marekebisho ya mdomo hupotea.

Hatua ya pili: isome kwa sauti, penseli ikiwa mkononi

Isome yote kwa sauti, bila kusimama, bila kurekebisha hata neno moja. Bwenini jambo hili ni gumu kwa sababu wenzako watakucheka, hivyo subiri prepo, yaani muda wa kujisomea usiku, iishe, darasa libaki tupu. Weka alama tatu tu. Ulimi unapojikwaa, zungushia duara. Akili inapoanza kuwaza mambo mengine, vuta mstari wa wima pembeni mpaka pale itakaporudi. Penye jambo ambalo huna hakika nalo, weka alama ya kuuliza. Kishawishi cha kufuta na kuandika juu kwa juu kitakuwa kikubwa, lakini ukikikubali utapoteza jambo muhimu ambalo usomaji huu hukupa, yaani umbo la hadithi nzima likipita masikioni kwa mkupuo mmoja.

Mimi ukurasa wangu wa kwanza ulipata mstari wa wima kutoka juu hadi chini. Ulianza hivi: "Ilikuwa siku ya Jumamosi, siku ambayo Zawadi hataisahau maishani mwake. Jua lilichomoza kutoka ziwani likitoa miale yake ya dhahabu, na ndege waliimba nyimbo nzuri za kumtukuza Muumba wao." Karibu kila mtu darasani kwetu ameshawahi kuandika sentensi hizi, au ndugu zake wa karibu, kwa kuwa tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba insha nzuri hufunguliwa kwa jua na ndege. Hazina kosa la kisarufi. Kosa lake nililigundua katika hatua inayofuata, na nililigundua kwa aibu.

Hatua ya tatu: yapeleke mambo yako kwa wanaoyajua

Hii ndiyo hatua ambayo wanafunzi wengi hawaifanyi kabisa, wakidhani kwamba hadithi ya kubuni haihitaji ukweli. Zawadi ni wa kubuni, ni kweli, lakini Kibirizi si ya kubuni, wala dagaa, wala mwezi. Msomaji anayevijua vitu hivyo akikuta umevikosea, hatakuamini tena hata utakapomweleza jambo la moyoni mwa mhusika, ambalo wewe peke yako ndiye unayelijua.

Nilimsomea rasimu yangu mama mdogo, ambaye amekausha na kuuza dagaa pale mwaloni, ufukweni inakofikia mitumbwi ya wavuvi, tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua dagaa waliokauka, akitoa mchanga na vichwa vilivyokatika. Nilimwambia, "Shikamoo mama mdogo, naomba nikusomee kitu nilichoandika." Akajibu, "Marahaba mwanangu, soma, masikio hayana kazi." Nilisoma mpaka nikafika kwenye sehemu niliyoipenda kuliko zote, ambapo mbalamwezi inaangaza ziwa lote kama mchana na taa za wavuvi zinametameta kwa mbali. Mikono yake ikasimama.

"Hao wavuvi wako wanakwenda wapi na mbalamwezi yote hiyo?"

"Wanakwenda kuvua, mama mdogo."

"Kuvua nini? Mwezi ukiwa mkubwa watu wako majumbani kwao wamelala. Hata pesa ya mafuta hairudi."

Kisha akacheka, si kwa ubaya, akaendelea kuchambua dagaa wake.

Alichokuwa akinieleza kila mtoto wa mwaloni anakijua, nami nilikijua pia, lakini kalamu yangu haikukijua. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwanga huwavuta viumbe wadogo ambao ni chakula cha dagaa, dagaa huwafuata, wanakusanyika chini ya taa, na wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikishaenea juu ya maji yote, taa haina la kuonyesha na dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja, kwa hiyo katika siku zinazozunguka mwezi mpevu mitumbwi mingi hubaki nchi kavu. Hadithi yangu nzima ilisimama juu ya usiku ambao haungeweza kuwapo.

Baada ya pigo hilo niliona heri nikague kila kitu. Nilikuta kwamba mwezi wangu mpevu ulichomoza saa sita usiku, ilhali mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, na kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Nilikuta pia lile jua la ukurasa wa kwanza. Mji wa Kigoma uko upande wa mashariki wa ziwa. Kwetu jua huchomoza nyuma yetu, upande wa nchi kavu, na huzama ziwani, kule iliko milima ya Kongo. Nimezaliwa hapo, nimeliona jua likizama katika maji hayo kila jioni ya utoto wangu, na bado niliandika kwamba linachomoza kutoka humo, kwa sababu sentensi hiyo niliikuta imeshaandikwa na watu wa pwani ya Bahari ya Hindi, ambao kwao ni kweli. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kazi ninayoifanya ninapopitia maandishi yangu: natafuta kila mahali ambapo kalamu imeandika kile ilichokisoma badala ya kile ambacho macho yangu yameona. Hatua zote zilizobaki katika mwongozo huu ni njia za kupatafuta mahali hapo.

Namna ya kufanya ni hii. Pitia rasimu ukiwa na daftari, uandike kila jambo linalogusa kazi ya mtu, majira, njia, bei, dawa, desturi ya msiba au ya ndoa. Kisha mtafute mwenye kazi hiyo. Usimuulize, "Hapa nimepatia?" maana atakuheshimu na kusema ndiyo. Mwambie akueleze yeye anafanyaje, halafu ulinganishe mwenyewe. Mwenzangu mmoja anayetoka Urambo, ambako kulima tumbaku ni jambo la kila nyumba, aliandika kwamba tumbaku ya mvuke, ambayo hukaushwa kwa joto la moto ndani ya banda liitwalo bani, ilianikwa juani mpaka ikakauka. Baba yake, ambaye amekesha akichochea kuni za bani misimu mingi, alimuuliza kama kweli yeye ni mtoto wa nyumba ile. Anayeandika juu ya warina asali wa Sikonge na amwulize mrina asali mzinga wa gome unatundikwaje, si kwa kuwa ataandika yote, bali kwa kuwa katika maelezo hayo kuna kitu kimoja kidogo ambacho asingekibuni.

Usisahau kalenda. Kama ningeiweka hadithi yangu Julai 2024, ningekosea tena, kwa sababu Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka huo ili samaki wapumzike na kuzaliana. Niliihamishia Oktoba.

Hatua ya nne: uliza nani anataka nini, kisha ukate

Katika rasimu ya kwanza baba yake Zawadi alikufa maji. Nilipoulizwa na rafiki yangu kwa nini amekufa, nilijibu kwamba ili hadithi iwe ya kusikitisha, na nilipolisikia jibu langu mwenyewe niliona haya. Nilikuwa nimemuua mtu kwa sababu sikujua la kumfanyia.

Andika kwenye daftari sentensi moja tu yenye jina la mhusika, kitu anachokitaka, na kitu kinachomzuia. Ukishindwa, hadithi bado haijapatikana, na hakuna mapambo ya lugha yatakayoificha hali hiyo. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa "Zawadi anampenda baba yake," nayo haikuwa na kizuizi chochote. Baada ya maneno ya mama mdogo, kizuizi kilijileta chenyewe. Ikiwa mwezi ni mkubwa, baba yuko nyumbani. Ikiwa yuko nyumbani, hakuna mgawo kutoka kwa tajiri mwenye mtumbwi. Ikiwa hakuna mgawo, unga ni wa kukopa, na pesa iliyofichwa kwenye kopo la maziwa kwa ajili ya mchango wa shule inaanza kuonekana machoni pa watu wazima. Sentensi mpya ikawa: Zawadi anataka kopo lile lisiguswe mpaka giza lirudi, na anayeweza kuligusa ni baba yake ambaye anampenda. Baba akafufuka, na hadithi ikapata sababu ya kuwapo.

Sentensi hiyo ndiyo mizani yako. Chukua kila aya uiulize inahusiana vipi nayo, isiyojibu, kata. Nilikata ukurasa mzima wa kwanza, nilikata safari ya sokoni Mwanga, nilikata ndoto (wanafunzi tunapenda sana ndoto, kwa sababu ndani yake hatuulizwi maswali), na nilikata aya nzuri sana kuhusu meli ya Liemba, ambayo ilikuwa na kila sifa isipokuwa uhusiano na Zawadi. Aya ya namna hiyo usiitupe. Iandike kwenye kurasa za nyuma za daftari, itapata hadithi yake siku nyingine.

Hatua ya tano: andika upya badala ya kutia viraka

Hapa wengi hukata tamaa. Rasimu imejaa mishale, maduara na mistari, na inaonekana rahisi zaidi kubadilisha maneno mawili matatu hapa na pale. Ikiwa kilichobadilika ni tahajia, hiyo inatosha. Ikiwa kilichobadilika ni usiku wenyewe, ifunge rasimu ya zamani, iweke chumba kingine, na uandike tena kuanzia neno la kwanza bila kuitazama. Kilicho kizuri utakikumbuka, na usichokikumbuka huenda hakikustahili.

Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Mbalamwezi ilikuwa imeangaza ziwa lote kama mchana, na taa za wavuvi zilikuwa zinametameta kwa mbali kama nyota za mbinguni. Zawadi alikuwa amekaa ufukweni akiwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake huku akimsubiri baba yake mpendwa."

Rasimu ya tatu ikawa hivi:

"Usiku wa tano wa mbalamwezi baba alikaa mlangoni na kipande cha wavu, akashona mahali alipokwisha kushona jana. Mama alifunua ndoo ya unga, akaifunika, akajitanda khanga na kutoka kwenda kwa jirani. Zawadi alisikia sindano ikisimama. Kopo lilikuwa juu ya kabati, palepale."

Sisemi kwamba aya ya pili ni kazi ya bingwa. Ninachoonyesha ni kwamba huzuni imetoka kwenye maneno "huzuni kubwa sana" ikaingia kwenye ndoo ya unga na kwenye mikono ya mtu asiye na kazi. Wala sikuipata kwa kutafuta maneno mazuri zaidi. Niliipata kwa kujiuliza mtu ambaye hakwenda ziwani kwa siku tano anaifanyia nini mikono yake.

Hatua ya sita: wasikilize wahusika wakizungumza

Mazungumzo yote yanakili kwenye karatasi ya peke yake, kisha uyasome na rafiki, kila mmoja na upande wake. Katika rasimu yangu Zawadi alimuuliza mama yake, "Mama yangu mpenzi, je, ni kwa nini baba hajarejea hadi wakati huu?" Rafiki yangu alipomaliza kuisoma aliniuliza kama Zawadi anasoma taarifa ya habari. Sasa anasema, "Mama, baba yuko wapi?" na mama anajibu, "Lala." Neno hilo moja lilifanya kazi ya mistari sita niliyokuwa nimeiandika kuhusu wasiwasi wa mama.

Angalia pia namna watu wanavyoitana. Nilikuwa nimemfanya mama amwite mumewe kwa jina lake, jambo ambalo nyumbani kwetu halitokei mbele ya watoto. Anamwita Baba Zawadi, na siku anapoacha kumwita hivyo kila mtu ndani ya nyumba anajua kuna tatizo. Mwenye mtumbwi huitwa tajiri hata kama suruali yake ina kiraka. Kuhusu Kiha, lugha ya kwetu Kigoma, nilijiuliza sana kama nikitumie. Niliamua kwamba bibi atakitumia mara mbili tu, anapokasirika, bila tafsiri kufuata, kwa sababu msomaji wa Tanga au wa Mombasa ataelewa kutokana na mtoto anavyoondoka mbio.

Hatua ya saba: lugha, sentensi kwa sentensi

Sasa ndipo unaporuhusiwa kugusa sarufi. Soma hadithi kuanzia sentensi ya mwisho kurudi nyuma, moja moja, ili usibebwe na kisa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kurundika "alikuwa". Zungushia kila "alikuwa ame-" na "ilikuwa ina-" kwenye ukurasa mmoja, kisha uulize ni ngapi zinazoeleza hali iliyotangulia tendo. Hizo ndizo zinazohitajika. Zinazobaki ni uvivu. Vivyo hivyo kwa mfuatano wa matendo: "Mama aliinuka, alichukua kikapu, alitoka na alifunga mlango" inasomeka kama orodha ya mashtaka, ilhali lugha yetu ina "-ka-" kwa kazi hiyo hasa: "Mama aliinuka, akachukua kikapu, akatoka, akafunga mlango." Lakini "-ka-" nazo zikizidi tano au sita mfululizo husikika kama mtu anayeteremka ngazi, hivyo kata kwa sentensi fupi ya aina nyingine.

Neno "sana" lifute kila lilipo, halafu urudishe lile ambalo sentensi inaanguka bila ya hilo. Mimi nilirudisha mawili kati ya kumi na tisa.

Misemo iliyochakaa ni mingi, na kila mwanafunzi ana yake. Yangu ilikuwa "machozi yalimtiririka njia mbili mbili", "giza totoro" na "kufumba na kufumbua". Haina ubaya kwa asili yake, aliyeitumia kwanza alikuwa ameona kitu, ila mimi nilikuwa sijaona chochote. Methali ni suala tofauti kidogo, kwa kuwa sisi huzungumza kwa methali kweli. Nilikuwa na nne. Tatu zilikuwa za msimulizi, ambaye alikuwa akijificha nyuma ya wazee ili asiseme jambo lake mwenyewe, nikaziondoa. Ya nne ilikuwa kinywani mwa bibi, naye angeisema hata nisingekuwapo, nikaiacha.

Upatanisho wa kisarufi uamue mapema na uushikilie. Kwa dagaa nilikuwa na "dagaa hizi" ukurasa wa pili na "dagaa hawa" ukurasa wa tano. Mtaani utasikia zote mbili, lakini msimulizi wangu anaandika Kiswahili sanifu, kwa hiyo dagaa wakawa "hawa" kila mahali, na "hizi" ikabaki kwa muuzaji anayezungumza. Tahajia inamalizia. Sisi wa huku wengi tunachanganya "l" na "r", na simu haiwezi kukusaidia pale neno lisilokusudiwa linapokuwa neno halali. Niliandika kwamba jirani alimwonyesha mama mahari pa kukaa, na darasa zima likaozesha mama wa Zawadi kwa jirani. Angalia na "h" vilevile: kati ya "ajali" na "hajali" kuna hadithi mbili tofauti.

Hatua ya nane: mpe mtu mwingine asome

Wasomaji wawili wanatosha, mmoja anayejua fasihi na mmoja anayejua mambo yenyewe. Ukiwauliza kama ni nzuri watasema iko poa, na mazungumzo yataishia hapo. Waulize ulichoka wapi, ulirudia kusoma wapi, na unadhani baada ya hapo nini kitatokea. Wanapojibu, andika na ukae kimya. Kila utakapojikuta unaeleza, "Hapo nilikuwa namaanisha kwamba," fahamu kwamba maelezo hayo yanakosekana kwenye karatasi, na huwezi kufuatana na karatasi kila inakokwenda. Wasomaji wawili wakilalamikia mahali pamoja, mahali hapo pana kasoro, hata kama tiba wanazopendekeza hazifanani na zote mbili si sahihi. Kasoro ni ya kwao kuionyesha, tiba ni ya kwako.

Kuna wasomaji ambao hawatakusaidia, na ni vema ujiandae. Niliwahi kurudishiwa hadithi ikiwa na neno moja tu chini, "Jitahidi," bila alama nyingine yoyote, nikakaa mwezi mzima nisijue nijitahidi upande gani. Usilichukie neno la namna hiyo, lakini usilifanyie kazi pia.

Mahali pa kusimama

Dalili ninayoitumia ni hii: jana nimebadilisha neno, leo nimelirudisha lile la zamani, na sijui lipi ni bora. Likitokea mara tatu kwenye ukurasa mmoja, naandika nakala safi, naweka tarehe, nafunga daftari. Haina maana kwamba haitaguswa tena. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma hapa Tabora kuanzia 1937 na baadaye akarudi kufundisha, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, na mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imesahihishwa, safari hii ikiitwa Juliasi Kaizari. Alikuwa Rais wa nchi katika miaka yote hiyo sita, na bado alipata nafasi ya kulirudia hata jina lililokuwa limekwisha kupigwa chapa. Mwanafunzi mwenye likizo ya Desemba anaweza kupata jioni mbili.

Rasimu ya nne nilimsomea mama mdogo kwa simu, nikiwa nyuma ya bweni chini ya mwembe, salio likielekea kuisha. Hakucheka. Nilipofika kwenye sindano inayosimama alisema, "Ehee," kisha akanyamaza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kwamba yote ni sawa, ila pale asubuhi ya mitumbwi kurudi nimeandika mama anapimiwa kilo mbili za dagaa wabichi, na yeye hajawahi kuona mzani ukiletwa kwa dagaa wabichi. "Ni beseni, mwanangu," alisema. "Andika beseni." Nilichukua penseli.